Mwongozo kwa Mwenye Haraka: Jinsi ya Kuishibisha Betri Bila Kuizika

Nakuona, ndugu yangu Mwenye Haraka. Umeingia nyumbani saa tatu usiku, viatu hujavua, salamu hujatoa, umekwenda moja kwa moja kwenye soketi iliyojificha nyuma ya kochi. Simu yako ina asilimia 91. Umeichomeka kwenye chaja ya wati 67, ile uliyoisifia kazini wiki nzima kwamba inajaza simu kabla chai haijapoa, kisha ukailaza juu ya mto ikiwa bado ndani ya kava nene la ngozi. Na kwa kuwa mechi inaendelea, unaitazama kwenye simu hiyohiyo.

Hapo umekosea mara nne. Umeilisha simu iliyokwisha kushiba, umeivalisha koti usiku wa joto, umeilaza juu ya sponji isiyopitisha hewa, na umeifanyisha kazi ngumu ikiwa bado inakula. Chaja ya wati 67 sikuitia katika hesabu. Nimeiacha kwa makusudi, kwa sababu mtaani imebebeshwa mizigo ya wenzake. Nenda kwa fundi simu yeyote Kariakoo na betri iliyochoka, umuulize nani kaiua, na kabla hujamaliza swali atakujibu: fasti chaji. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini ni ukweli uliokatwa kichwa. Kasi peke yake ni ngumu kuua betri nzuri. Huua ikipewa wasaidizi, na wasaidizi wenyewe ni wewe unayewaleta.

Kwa hiyo kaa, vua viatu, nikuongoze.

Mjue abiria wako

Ndani ya betri ya lithiamu kuna pande mbili. Upande mmoja ni oksidi ya madini, kwenye simu mara nyingi yenye kobalti. Upande wa pili ni kinywe, madini yaleyale meusi ya kwenye penseli. Katikati kuna kimiminika, na utandio mwembamba wa plastiki unaozuia pande hizo zisigusane. Unapochaji, ioni za lithiamu hutoka kwenye oksidi, huvuka kimiminika, huingia kati ya tabaka za kinywe na kukaa humo. Unapotumia simu, hurudi zilikotoka. Hakuna kinachoungua kama mafuta kwenye jiko. Ni safari ya kwenda na kurudi, na betri huzeeka kwa sababu kila safari kuna abiria wachache wanaopotea njiani.

Sasa chukua daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni. Ikifika tupu, konda anaweza kupiga kelele apendavyo: watu wanaingia mbio na kila mmoja anapata kiti. Viti vikishaanza kujaa, anayeingia inabidi apenye kati ya magoti ya watu mpaka siti ya nyuma, na hapo muda unakwenda. Konda mwenye akili hupunguza kasi ya kupakia. Asiye na akili anaendelea kusukuma vilevile, songa nyuma, nyuma kuna nafasi, wakati waliokwisha kuingia bado wamesimama kwenye njia wakitafuta pa kupita. Matokeo yake unayajua kwa mwili wako: watu wananing'inia mlangoni.

Kwenye betri, kuning'inia mlangoni kuna gharama yake. Ioni zikifika kwenye kinywe haraka kuliko kinywe kinavyoweza kuzikalisha, hugeuka kuwa metali ya lithiamu na kujibandika juu juu, kama rangi ya fedha iliyopakwa ukutani. Nyingine zitapata nafasi ya kupanda gari tena. Nyingine ndiyo zimekwenda. Hazitabeba umeme wako tena, na kila zinapokwenda asilimia 100 ya leo inakuwa ndogo kuliko asilimia 100 ya mwaka jana. Isitoshe, metali hiyo inaweza kuota sindano. Sindano ikitoboa ule utandio wa plastiki, pande mbili zinagusana, na hapo hatuzungumzii tena umri wa betri. Tunazungumzia moto.

Bahati yako ni kwamba ndani ya simu kuna saketi inayofanya kazi ya konda mwema. Mwanzo huruhusu mkondo mkubwa wa umeme uingie bila kusita, mpaka volti ya betri ifike kwenye kikomo chake, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa 4.2 na kwenye simu nyingi za leo kimepanda kidogo kupita hapo. Kikomo kikifikiwa, saketi huishikilia volti palepale na kuuacha mkondo upungue wenyewe, tone kwa tone, mpaka betri ijae. Ndiyo maana simu yako inaruka kutoka 10 hadi 60 kisha inaanza kukokota miguu. Wewe unadhani chaja imechoka. Unaichomoa, unaipuliza mdomoni, unaichomeka tena, unamsema aliyekuuzia. Chaja haijachoka. Daladala imejaa, na konda anakupenda kuliko unavyojipenda.

Agizo la kwanza, basi, nalitoa kwa moyo mweupe: kasi yako itumie simu ikiwa na njaa. Ina asilimia 15, una dakika 20 kabla ya kutoka, chomeka chaja ya wati 67, jaza hadi 60 au 70, chomoa, nenda zako. Hapo ndipo pesa uliyoitoa dukani inaporudi. Kuichomeka ikiwa 91 ni kukodi bodaboda ikupeleke nyumba ya jirani.

Kasi ni ngapi hasa?

Watu wanabishana juu ya wati kama wanavyobishana juu ya timu zao, bila kupima. Tupime. Simu ya kawaida ya siku hizi ina betri ya miliampia-saa 5,000, ambayo kwa volti zake ni kama wati-saa 19. Kile kichaja cha zamani cha wati 5 kingehitaji karibu saa 4 kuijaza. Cha wati 10, saa 2 hivi. Cha wati 20, kama saa moja. Wahandisi wana kipimo chao wanachokiita C: kujaza betri kwa saa moja ni C 1, kwa saa mbili ni nusu ya C, kwa dakika 30 ni C 2. Chaja yako ya wati 67 ikiwa kwenye kilele chake inasukuma zaidi ya C 3, lakini kilele hicho hudumu dakika chache za mwanzo tu, daladala ikiwa bado tupu.

Na chaja hailazimishi. Hili naomba uliandike ukutani, maana limewatia watu hofu ya bure. Chaja na simu vikikutana huzungumza kwanza. Simu husema, mimi uwezo wangu ni wati 18, nayo chaja ya wati 67 huitikia na kutoa 18. Mama mmoja jirani yangu alikataa katakata kutumia chaja ya kijana wake akisema itaipasua simu yake ndogo kwa nguvu nyingi. Ni kama kuogopa kwamba ukikaa karibu na sufuria kubwa ya pilau utalazimishwa kuimaliza. Sahani ni yako na kijiko ni chako.

Mchawi mwenyewe: joto

Hapa ndipo ninapotaka tukae, kwa sababu hapa ndipo betri nyingi za pwani zinapofia.

Umeme ukipita ndani ya betri hukutana na ukinzani, na ukinzani huzaa joto. Joto hilo halipandi sawa na mkondo. Hupanda kwa mraba wake. Ukiongeza mkondo mara 2, joto linalozaliwa kila sekunde linakuwa mara 4. Muda wa kuchaji umepungua nusu, sawa, lakini ukijumlisha yote bado umezalisha joto mara 2 ya lile ambalo ungelizalisha ukienda taratibu, na umelimwaga ndani ya kipande kidogo cha muda. Hiyo ndiyo njia kuu ambayo kasi humfikia abiria wako.

Joto linafanya nini? Juu ya kinywe kuna ngozi nyembamba inayojijenga tangu betri inachajiwa mara ya kwanza kiwandani. Ngozi hiyo ni ya lazima, kwani bila yenyewe kimiminika kingeshambuliwa mpaka kiishe. Tatizo ni kwamba haiachi kukua, na inapokua inajengwa kwa lithiamu, ileile ambayo ilikuwa abiria wako. Betri ikiwa baridi kiasi, ngozi hukua polepole kama ukucha. Betri ikiwa moto, na zaidi ikiwa moto na imejaa pomoni, ngozi hunenepa kwa pupa. Apple, kwa mfano, huwaonya wateja wake kwamba hewa inayozidi nyuzi joto 35 inaweza kuipunguzia betri uwezo moja kwa moja, yaani uwezo usiorudi. Sasa fikiria Dar es Salaam mwezi Februari, mchana unapofika nyuzi 32 na kuzidi kivulini. Betri yako imebakiwa na nafasi ya nyuzi tatu kabla hujafanya kosa lolote. Wewe ukaongeza kava, mto, na mechi.

Maabara ya taifa ya Idaho, Marekani, ilichukua magari manne ya umeme, Nissan Leaf ya mwaka 2012, ikayaendesha Phoenix, jimbo la Arizona, mji wa jangwani ambao kiangazi chake hupita nyuzi 40. Mawili yalikuwa yakichajiwa taratibu, mawili kwa chaja za kasi za kilowati 50, ambazo kwa betri ile ya kilowati-saa 24 ni kama C 2. Kila gari lilitembea maili 50,000, yaani kilomita 80,000 hivi. Mwisho wa safari, makundi yote mawili yalikuwa yamepoteza takriban robo ya uwezo wa betri. Yaliyochajiwa kwa kasi yalipoteza zaidi, lakini kwa asilimia chache tu. Betri za magari hayo hazikuwa na mfumo wa kupozwa kwa maji, na jangwa liliyachoma yote bila kuuliza yamekula kwa kijiko au kwa sepetu.

Nilipolisoma jaribio hilo nilimkumbuka mama. Mama yuko Tanga, na simu yake alikuwa akiichaji juu ya friji. Sababu zake zilikuwa nzuri: wajukuu hawafiki, maji hayamwagiki, na soketi iko jirani. Chaja yake ilikuwa ya wati 10, ya kipole kabisa, isiyoweza kushtakiwa kwa kasi hata siku moja. Lakini friji hutoa joto lake kwa nyuma, joto likapanda, na simu ikaokwa pale juu kila siku kuanzia magharibi mpaka asubuhi. Mwaka na miezi minne, betri ikavimba mpaka kioo kikaanza kuachana na fremu. Kuvimba huko ni gesi inayotokana na kimiminika kuharibika. Ikikutokea, acha kuchaji, usiibonyeze, usiitoboe kutoa upepo kama tairi la baiskeli, peleka kwa fundi siku hiyohiyo.

Kwa hiyo maagizo ya joto ni haya, na ni ya lazima kuliko yote ya kasi. Vua kava unapochaji kwa kasi. Laza simu juu ya sakafu ya vigae, meza ya mbao au dirishani penye upepo, usiweke kwenye godoro wala kiti cha sponji. Usichezee gemu wala usiwashe hotspoti ikiwa inakula. Ndugu zangu wa bodaboda, najua ramani lazima iwe wazi na mteja anasubiri, lakini simu iliyofungwa kwenye usukani, juani saa saba mchana, ramani inaendelea na waya wa chaja umeingia, hiyo inapikwa. Ichaji mkiwa kijiweni chini ya mwarobaini. Na mlio na pikipiki za umeme mnaochaji wenyewe, mkitoka kupanda kilima na abiria wawili msichomeke hapohapo. Iacheni betri ipumue, dakika 20 au 30, ishuke moto kwanza. Farasi anayetoka mbio hatiliwi pumba papo hapo.

Baridi nayo ina lake, ingawa wengi wetu hatutakutana nayo. Wanaokutana nayo ni wapagazi na waongozaji wa Kilimanjaro wanaolala kambi ya Kibo, zaidi ya mita 4,700 juu, ambako usiku huwa chini ya sifuri. Betri iliyoganda, abiria wake wanatembea kwa kuburuta miguu. Ukiichaji hapo kutoka kwenye pawabenki, hata taratibu, lithiamu itajibandika mlangoni. Itie simu ndani ya begi la kulalia, kifuani, ipate joto la mwili wako, ndipo uichaji.

Mlinzi wa Asilimia Mia

Huyu ni binamu yake Mwenye Haraka. Yeye hana haraka hata kidogo, analala na chaja kwa saa nane, na akiamka akakuta 99 siku yake imeharibika. Kwake namba 100 ni heshima.

Ndugu, kujaza pomoni ni kuiweka betri kwenye volti yake ya juu kabisa, ambako kemikali zake zinahangaika na ile ngozi inakua haraka. Kufika 100 mara moja na kuondoka hakuna neno. Kukaa 100 kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, kila usiku, ndani ya chumba cha joto, ndiko kunakokula umri. Simu nyingi za sasa zina mpangilio wa kuizuia isipite 80 au 85, au wa kusubiri ijaze karibu na saa unayoamka. Uwashe leo hii. Apple wenyewe wanasema betri za iPhone 14 na za kabla yake ziliundwa zibakize asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko kamili 500, na za iPhone 15 baada ya mizunguko 1,000. Mzunguko kamili si kila mara unapochomeka. Ni kila unapotumia jumla ya asilimia 100, hata ukigawa siku mbili, nusu leo na nusu kesho. Kuchomeka mara nyingi kidogo kidogo hakukumalizii hesabu haraka.

Nalisema hilo kwa sababu bado kuna wauzaji wanaokukabidhi simu mpya na wosia: ichaji kwa saa nane kabla hujaiwasha, na usiichaji tena mpaka ijizime. Wosia huo ulikuwa wa betri za nikeli na kadimiamu, zilizokuwa na tabia ya kukariri. Lithiamu haikariri. Kuikausha mpaka sifuri kila siku ni kuifungisha funga isiyo yake. Na usiitupe kabatini ikiwa sifuri kwa miezi. Ukitaka kuiweka, iweke ikiwa nusu.

Mwoga wa kasi na chaja nyepesi

Kuna na yule aliyeogopeshwa na fundi mpaka akaapa hatatumia chaja ya kasi maishani, kisha akaenda kununua chaja ya bei ya chapati mbili. Amemkimbia simba akaangukia kwa mamba. Niliwahi kuuziwa moja ya namna hiyo, nyepesi mkononi kama sanduku tupu la kiberiti. Baada ya nusu saa ilinuka plastiki na kioo cha simu kikawa kinaruka chenyewe, kinafungua vitu sijavigusa. Umeme wake ulikuwa mchafu. Ndani ya chaja nzuri kuna transfoma ndogo na vipuri vya kusafisha umeme na kukukinga na volti 230 za ukutani. Vitu hivyo vina uzito, na vikikosekana mkono unajua. Chaja nzito ya kasi iliyotengenezwa vizuri ni salama kwa betri yako, na kwako wewe, kuliko chaja taratibu isiyo na matumbo.

Wenye vibanda vya kuchajisha simu vijijini nawaomba jambo moja tu. Simu ishirini kwenye ekstensheni moja sawa, hayo ndiyo maisha, lakini msizipange moja juu ya nyingine kama matofali. Zitawanyeni kwenye ubao, zisiguse bati. Mteja aliyetembea kilomita sita kuja kwenu simu hiyo ndiyo benki yake.

Kwa nini ninakuandama

Unaweza kuniuliza, betri si inabadilishwa tu? Inabadilishwa. Lakini nataka ujue unachokitupa.

Kile kinywe kilichokalisha abiria wako kinapatikana kwa wingi Mahenge, wilaya ya Ulanga, mkoani Morogoro. Kobalti ya upande wa pili ina kwao pia: zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na mji mkubwa wa machimbo hayo ni Kolwezi, ambako Kiswahili ndicho cha sokoni na cha machimboni. Humo wapo wanaochimba kwa mitambo, na wapo wanaoshuka kwa kamba na sururu, ndani ya mashimo waliyoyachimba wenyewe. Betri inayokufa baada ya mwaka mmoja ilhali ingeishi minne inampeleka mtu shimoni mara nne kwa ajili ya simu moja.

Hata ujuzi wenyewe una mguu huku. Mwaka 2019 tuzo ya Nobel ya kemia ilipewa John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino kwa betri hii, na waliistahili. Lakini kwamba lithiamu inaweza kuingia kwenye kinywe na kutoka tena, ikiwa salama, kulioneshwa karibu na mwaka 1980 na Rachid Yazami, mzaliwa wa Fez, Morocco, akiwa kijana anasoma Grenoble, Ufaransa. Mwaka 2014 alikuwa kati ya wanne waliopewa tuzo ya wahandisi ya Draper kwa kazi hiyo. Kila unapochaji, abiria wako wanakaa kwenye viti alivyovigundua Mwafrika. Angalau usiwaunguze kwenye mto.

Kuhusu mama: simu mpya nilimpelekea mwenyewe Tanga, pamoja na chaja ya wati 33. Nilimwekea kikomo cha asilimia 80, nikamhamishia kituo kwenye meza ndogo ya mbao karibu na dirisha la baharini, nikaanza kumweleza habari za mkondo, mraba wa mkondo, ngozi ya kinywe. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akaniuliza: "Mwanangu, sasa mimi nitajuaje?" Nikamwambia aguse tu mgongo wa simu kwa kiganja; ikiwa vuguvugu aiache, ikiwa moto aichomoe.

Wiki iliyopita nilimpigia jioni. Wajukuu walikuwa wametoka kuangalia katuni kwa saa nzima huku waya umeingia. Nilimsikia akiwanyang'anya, kimya kidogo, kisha akasema, si kwangu, kwao: "Ina homa hii. Iacheni ilale."